Mke Mwenza wa Ndani ya Kioo

Siku ya kumi na mbili baada ya mazishi, mke mwenza aligoma kula.

Mshonaji alibana kipande cha ngisi kwa kibanio kirefu kama alivyofundishwa, akakishusha taratibu mpaka karibu na pua yake, akangoja. Mke mwenza hakufungua kinywa. Kipande kilichopoka kwenye kibanio, kikaelea, kikatua mchangani. Yeye alilala vilevile chini ya mwamba wake, matamvua yakifunguka na kujifunga haraka haraka, kama mtu aliyepanda ngazi ndefu na mzigo kichwani.

"Haya," mshonaji alimwambia. "Leo umeninunia. Kesho utakula."

Mke mwenza huyo alikuwa papa. Si papa wa kumeza watu, bali yule mdogo wa mistari, mlala chini, ambaye kwa urefu hakufika mkono wa mtu mzima. Jina alipewa na mshonaji mwenyewe, miaka sita nyuma, siku alipomkuta mumewe amechuchumaa sebuleni anazungumza na kioo. "Jamani, bwana ameoa," aliwaambia wateja wake kesho yake. "Bibi mwenyewe hapiki, hafui, hasemi, na kila jioni anabembelezwa." Wateja walicheka mpaka mmoja akajichoma pini ya gauni alilokuwa akipimwa.

Mumewe alikuwa fundi vioo. Tangi alilitengeneza kwa mikono yake, kwa kioo kinene cha dirisha la duka lililobomolewa. Alilifanya pana na fupi, likachukua ukuta mzima wa sebule, na makochi yakasogezwa mpaka mgeni akikaa magoti yake yanagusa meza.

"Mbona umetengeneza kitanda?" mkewe alimuuliza.

"Papa hapandi juu, anatembea. Mpe sakafu."

Akalijaza maji, akayatia chumvi, akawasha pampu na chujio. Kisha akakaa. Wiki ikapita, mwezi ukapita, tangi linanguruma na ndani hamna hata kidagaa. Mshonaji alikuwa akipita na vitambaa vyake mkononi, anatikisa kichwa. "Watu wanafuga kuku, watu wanafuga mbuzi. Wangu mimi anafuga maji."

"Maji nayo yanaiva," mumewe alijibu bila kukasirika. "Wadudu wasioonekana wazaliwe kwanza, wale wanaokula uchafu. Ukimtia samaki kwenye maji mabichi, umemtia kwenye choo chake mwenyewe."

Maneno hayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya fundi wa matangi, kijana mrefu mwenye mikono iliyopasuka pasuka, ambaye kila mtu alimwita Chumvi. Chumvi ndiye aliyemkatalia mara mbili, akamwambia papa si pambo la sebuleni, na mara ya tatu akamwandikia karatasi ya masharti. Fundi vioo aliibandika ukutani, juu ya tangi, ikakaa hapo. Mshonaji aliapa hataisoma. "Mimi karatasi za mke mwenza sisomi," alisema, na kweli hakuisoma. Mwaka hadi mwaka maji ya chumvi yakairukia, wino ukafifia, mpaka nusu ya chini ikabaki rangi ya chai.

Baada ya miezi miwili Chumvi alileta yai. Lilikuwa ndani ya kifuko cha kahawia, kigumu, mfano wa kipochi cha kutilia sarafu. Mumewe alimwita, akaweka tochi nyuma ya kifuko, na mshonaji akaona kitu kama uzi kinajikunja na kujikunjua ndani ya mwanga. Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia. Halafu akasema ana gauni la arusi la kumalizia, akaondoka.

Kulikuwa na jambo moja ambalo utani wake haukuweza kulifunika.

Kazi ya kukata vioo ilikuwa imemharibu mumewe vifundo vya mikono. Asubuhi alishindwa hata kufunga vifungo vya shati. Mshonaji alimtafutia bangili ya shaba nyekundu, ile ambayo watu husema inatuliza maumivu, akamvisha mwenyewe, akaibana kwa vidole vyake mpaka ikakaa sawasawa. Maumivu sijui kama yalipungua, lakini bangili haikutoka. Alioga nayo, alilala nayo, akaenda nayo kazini ikachubuliwa na vioo. Ila kila jioni, kabla ya kutia mkono tangini, aliivua. Alitoboa ukuta kando ya tangi akapachika kulabu ndogo kwa kazi hiyo tu. Anavua, anatundika, anapandisha mkono wa shati, ananawa mpaka kiwikoni kwa maji matupu, ndipo anamwendea yule. Akimaliza, anajifuta na kuvaa tena.

Hapo ndipo palipomuuma mshonaji. Kuoga haivui, kulala haivui, lakini akienda kwa yule anaivua.

"Unamvulia mke mdogo alama ya mke mkubwa," alimwambia siku moja, anacheka.

"Wewe mwanamke wewe!" alijibu mumewe, naye anacheka, na mkono wake umo majini tayari. Mazungumzo yakaishia hapo. Mume hakueleza na mke hakuuliza, na kulabu ikaendelea kung'ara ukutani miaka sita.

Kisha fundi vioo alianguka kazini, akakaa hospitali siku nne. Siku ya tatu alimshika mkewe kidole, si mkono, kidole kimoja tu, akasema, "Mtunze yule. Mwite Chumvi akufundishe." Hakusema tena neno lililoeleweka. Mume wa miaka ishirini na saba, na neno lake la kuagana lilikuwa la samaki. Mshonaji alilimeza kama mtu anavyomeza mfupa, akawaambia watu kwamba marehemu alimtakia mema.

Siku ya tatu baada ya mazishi alimwita Chumvi. Ahadi ni ahadi. Dada wa marehemu alikuwapo, wifi yake, mwanamke mnene wa sauti, ambaye alikuja kwa mazishi na akasema atakaa mpaka mambo yatulie.

"Kwa hiyo tunafundishwa kulea samaki," alisema wifi, anaketi kochini mpaka kochi likalia. "Kaka amekufa, nyumba imebaki na mdudu huyu anatutolea macho. Mimi ningekuwa wewe, wifi, angekwenda leo."

"Aliomba," alisema mshonaji.

"Aliomba, aliomba. Mgonjwa anaomba hata mwezi."

Chumvi alijifanya hakusikia. Aliongea taratibu, huku anaonyesha kwa vidole vyake vilivyopasuka.

"Mama, mwenye papa mara ya kwanza hufanya makosa kwa mapenzi, si kwa uvivu. Anamlisha kila siku. Usimlishe kila siku. Mara tatu kwa wiki zinatosha. Mabaki uyatoe, yasioze. Kila wiki toa maji kiasi hiki, utie mengine, na chumvi uichanganye kwenye pipa siku moja kabla, usimmwagie tangini. Kifuniko kisiachwe wazi. Anaonekana mvivu, lakini akishtuka anaruka, na utamkuta sakafuni. Na nyaya hizi, ukiona zimechubuka, niite: ninyi hamtahisi kitu na yeye anateseka, kwa sababu pua yake inasikia umeme ambao mkono wako hausikii."

"Kumbe ana pua ya umeme," alisema wifi. "Na mimi nilidhani ni mbaya tu wa sura."

Chumvi alikaribia kucheka. Akageukia mikono ya mshonaji, akaitazama. "Huvai pete?"

"Mshonaji na pete wapi na wapi? Inakamata uzi."

"Hata bangili?"

"Sina kitu."

"Vizuri. Basi hilo tunaliruka." Akaenda kwenye habari ya kupima joto la maji.

Siku ya tano, saa nane mchana, wifi alikuwa ametoka kwenda kwa jamaa zake, na mshonaji alipata moyo wa kufungua mfuko aliopewa hospitali. Ndani mlikuwa na shati, miwani yenye ufa, saa iliyosimama, na bangili. Muuguzi aliivua walipomtia sindano ya mkononi. Mshonaji aliishika, akaikuta imepinda kwa umbo la mkono wa mtu wake, upande mmoja bapa kidogo pale ilipokuwa ikigusa meza ya kukatia vioo.

Wifi alikuwa amekwisha kuiulizia. "Bangili ya kaka iko wapi? Mimi sitaki nguo wala kitu, nataka ile tu." Na mshonaji, bila kujua kwa nini, alikuwa amemjibu, "Haikurudi." Ulimi ulitangulia. Sasa alikaa na uwongo huo mkononi, una uzito wake na una baridi yake.

Alisimama mbele ya tangi. Papa alitoka chini ya mwamba, akatembea mchangani kwa mapezi yake kama mtoto anayejifunza kutambaa, akaja mpaka kwenye kioo, mahali hasa alipozoea kusimama fundi vioo.

"Unamtafuta," alisema mshonaji. "Hata mimi namtafuta."

Yaliyompitia moyoni yalikuwa mengi kwa pamoja. Kulikuwa na huruma, na ilikuwa ya kweli. Kulikuwa na wifi asiyepaswa kuiona ile bangili. Na chini kabisa kulikuwa na kitu cha miaka sita, kitu kama ushindi: uliivua kila ukija kwake, leo itakuwa humo humo mchana na jioni, mtake msitake. Alifungua kifuniko, akazamisha mkono, akaichimbia bangili mchangani chini ya mwamba anapolala papa. "Haya. Sasa kaeni wote," alisema. Kisha akalia vizuri, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na baada ya hapo akawa mwepesi siku nzima.

Siku ya kumi na mbili, kama nilivyosema, papa aligoma kula. Siku ya kumi na tatu alitapika alichokula kabla. Siku ya kumi na nne Chumvi alikuja na sanduku lake la vichupa, akapima chumvi, akapima joto, akapima ile sumu inayotokana na kinyesi. Alitikisa kichupa, akakiinua dirishani, akakishusha.

"Maji yako ni mazuri kuliko yangu," alisema, naye hakufurahi. Alizima pampu, akangoja, akaiwasha. Akachomoa kipasha joto, akangoja. Papa hakubadilika. "Mama, mmetia dawa? Dawa ya samaki, dawa ya mbu, sabuni?"

"Hakuna."

"Kitu chochote cha madini? Sarafu, waya, kitu cha shaba? Shaba ndiyo adui wake namba moja. Samaki wengine huvumilia, wengine hata hutibiwa kwayo. Papa havumilii. Maji ya chumvi yanaila shaba kidogo kidogo, naye anaivuta ndani kwa matamvua."

Wifi alikuwa amekaa kochini anamenya chungwa. Kisu chake kilikuwa kinazunguka, ganda linashuka refu bila kukatika. Mshonaji alilitazama lile ganda.

"Hakuna," alisema. "Nani atie shaba majini?"

Alilisema kwa uso mkavu sana, mpaka Chumvi akaona haya kuuliza tena. Alibadilisha maji kidogo, akaahidi kurudi.

Wifi alipokwenda kuoga, mshonaji alifunga mlango wa sebule, akachimbua. Bangili ilitoka na ukungu wa kijani, na mahali palipokuwa bapa palikuwa pameliwa, pamekuwa na vishimo kama uso wa mwenye ndui. Aliifuta kwa kitambaa, kitambaa kikawa kijani. Akaitia ndani ya kopo lake la vifungo, akakoroga vifungo juu yake. Imetoka, alijiambia. Kilichokuwa kinamuua kimetoka. Kwa nini nijivue nguo mbele ya watu kwa jambo lililokwisha?

Akashona siku mbili mfululizo. Kila akisimamisha cherehani alisikia pampu, na kila akisikia pampu alikwenda kutazama. Papa alikuwa ameanza kulala ubavu.

Siku ya kumi na sita Chumvi alipofika, hakufungua hata sanduku. Alipiga magoti mbele ya kioo akakaa hapo muda mrefu. Wifi naye alisogea karibu, akachungulia.

"Nifanyeje?" Chumvi aliuliza, na haikujulikana anamuuliza nani. "Nina maji mengine kwangu, safi, yameiva. Lakini kwa kuhema huku, nikimtoa nikamtia kwenye pipa, na barabara ile ya mashimo, anaweza kufia njiani. Nikimwacha, na kama ubaya umo humu majini, atafia hapa. Nikijua ni kitu gani, najua la kufanya. Nisipojua, nitamuua kwa kubahatisha. Nimewaza usiku na mchana, mama. Mzee angeniuliza ningemjibu nini?"

Mshonaji alifungua kinywa akasema, "Si kimekwisha kutoka?"

"Nini kimetoka?"

Hapo hapakuwa na kurudi nyuma. Alikwenda kwenye cherehani, akachukua kopo la vifungo, akalimwaga lote mezani. Vifungo vilitawanyika, vingine vikadondoka na kuviringika mpaka miguuni kwa wifi. Bangili ilibaki katikati, kijani.

"Niliitia siku ya tano," alisema. "Nikaitoa juzi, ulipoondoka. Nilidhani nikiitoa basi."

Chumvi aliinua bangili, akaigeuza. Hakumkaripia. Ingekuwa afadhali angemkaripia. "Imo majini sasa, mama," alisema polepole. "Imo mchangani, imo mwambani. Bangili uliitoa, shaba haikutoka. Siku tisa ilikuwa humu, na mbili hizi amekuwa anavuta mabaki."

"Ulisema haikurudi," alisema wifi.

"Nilikudanganya."

"Mimi! Nilikaa hapa nakumenyea machungwa, na bangili ya ndugu yangu iko kwa samaki!"

"Nilikudanganya, wifi. Sina neno la kujitetea."

Wifi alisimama, kifua kinapanda. Lakini Chumvi alikuwa ametoka mbio kwenda kwenye gari lake, na aliporudi na pipa la bluu alisema, "Dada yangu, ugomvi huo mtaumaliza, nawaahidi. Sasa hivi nahitaji mtu wa kushika upande wa pili." Na wifi, aliyemwita papa mdudu kwa siku kumi na tatu, alipandisha mikono ya gauni, akashika.

Walimtoa ndani ya mfuko wa plastiki uliojaa maji, hewa isimguse. Hakupigana. Wakiwa wanafunga kifuniko cha pipa, mshonaji aliuliza, bila kumwangalia Chumvi, "Yeye alijua? Kwamba shaba inaua?"

Chumvi alimshangaa. "Mzee? Mama, ile kulabu unadhani ni ya nini?"

Macho ya mshonaji yalikwenda kwenye kulabu.

"Siku nilipomletea yai nilimwona ana bangili. Nikamwambia, mzee, chagua: hii au papa. Itupe leo hii, usinitanie. Akaniambia, 'Hii nimevishwa na mtu. Papa wako rudi naye.' Nikachukua yai langu, nikafika mlangoni. Akaniita. Ndipo tukakubaliana aivue kila mara kabla ya kugusa maji. Kulabu aliipachika mbele yangu, siku ile ile, kwa mikono yake ile mibovu." Alifunga kamba ya pipa, akaikaza. "Nikaiongeza kwenye karatasi siku hiyo hiyo, sharti la saba. Nilidhani unajua. Naye alidhani unajua."

Mshonaji aligeuka akaitazama karatasi. Nusu ya chini ilikuwa rangi ya chai, haina hata herufi.

"Ningesema juzi," aliuliza, "angepona?"

Chumvi angeweza kumdanganya, na kijana mwingine angemdanganya. "Labda," alisema. "Nafasi ingekuwa kubwa zaidi."

Papa alifika kwa Chumvi akiwa hai. Siku ya kwanza alilala ubavu. Siku ya pili alijiinua, akatembea hatua chache. Siku ya tatu mshonaji alikwenda mwenyewe, akabana kipande cha ngisi, akakishusha mpaka karibu na pua, na papa akakichukua. Kimoja. Chumvi alipiga kelele kama mtu aliyefunga goli. Mshonaji alirudi nyumbani akamsimulia wifi, na wifi akasema, "Ana roho ngumu huyo, kama mke mwenzake," na wakacheka pamoja kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi chenye woga.

Siku ya tano Chumvi hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni na mikono yake mikavu imeshikana mbele. Mshonaji alimwona, akazima cherehani.

Wifi aliondoka wiki hiyo hiyo. Bangili ilikuwa mezani, haijaguswa tangu siku ile. Alipomaliza kufunga mizigo aliichukua, akaisugua kwa pindo la kanga yake mpaka wekundu ukaanza kuonekana, akauvuta mkono wa mshonaji, akamvisha, akaibana. "Ulimnunulia wewe," alisema. "Lakini uwongo ule sijausamehe bado. Nipe muda." Mshonaji alisema atampa muda wote anaoutaka.

Mchanga na mwamba, mshonaji na Chumvi walivitupa. Vioo alivisugua mwenyewe siku tatu, akajaza maji mapya, akatia chumvi, akawasha pampu. Wateja waliomjua kwa utani walimuuliza anafuga nini sasa. "Maji," alijibu, na hawakujua wacheke au wanyamaze.

Mwezi wa tano baada ya mazishi alikuja mwanamume mmoja, ametumwa na Chumvi kuulizia lile tangi. Alikuwa na shati lililopigwa pasi vizuri, na macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye tangi hata kabla hajaketi.

"Fundi amesema hili ndilo tangi bora mjini," alisema. "Na amesema wewe ndiye wa kuniambia kama nitafaa. Mimi ndiyo naanza, mama. Tangu utotoni nataka papa. Wageni wakiingia sebuleni, waone!"

"Wageni wataona jiwe," alisema mshonaji. "Huyo unayemtaka hulala mchana kutwa. Unataka pambo? Nunua picha."

Mwanamume alicheka. Mshonaji hakucheka. Alimuuliza sebule yake ina upana gani, si urefu. Alimuuliza kama anaweza kukaa miezi miwili anatazama maji matupu na kuchekwa. Alimuuliza umeme ukikatika atafanya nini, akisafiri nani atapima maji, na kama anajua kwamba mnyama huyo anaweza kuishi miaka ishirini. Kila swali lilimtoa mwanamume kochini kidogo, lakini alijibu, na baadhi ya majibu yalikuwa mazuri. Alikuwa amesoma. Alijua habari ya shaba, na aliitaja mwenyewe kwa fahari. "Sitatia dawa yoyote ya shaba, mama. Hata bomba nitaweka la plastiki. Na pete hii nitaivua kila mara," akaionyesha. Ilikuwa rangi ya dhahabu, ila si dhahabu.

Mshonaji aliitazama ile pete.

"Utaitundika wapi?"

"Popote. Mfukoni."

"Mkeo anajua kwa nini utaivua?"

Mwanamume alishtuka kidogo, akatabasamu. "Aa, yeye mambo haya hayapendi. Amesema nikileta papa ndani analala kwa mama yake. Nimemwacha tu, atazoea."

"Amempa jina?"

"Nani?"

"Papa. Ambaye hajafika."

Mwanamume alikuna shingo. "Anamwita mchepuko wangu."

Pampu ilinguruma. Mshonaji aliinuka, akaenda kando ya tangi, akavua bangili akaitundika kwenye kulabu. Alipandisha mkono wa gauni, akanawa kwenye ndoo ya maji matupu mpaka kiwikoni, akatia mkono majini akaweka sawa bomba ambalo halikuwa limepinda sana. Mgeni alimtazama. Alipomaliza alijifuta, akavaa bangili.

"Tangi nitakupa," alisema. "Lakini si leo. Kesho uje na mkeo."

"Mama, yeye hataki hata kusikia..."

"Ndiyo maana. Wewe umekwisha kusoma, huna shida. Nitazungumza na yeye." Alifungua mlango, mwanga wa barabarani ukaingia mpaka kwenye kioo. "Siku ukiondoka, unadhani nani atabaki naye ndani?"

Mwanamume alisimama kizingitini, akaizungusha pete kidoleni. Mshonaji alimngojea ashuke ngazi, akarudi kwenye cherehani, akatafuta mahali alipoachia mshono.